Nyuzi Mbili Zilizozidi

Mpimaji wa kiwanda cha makufuli alikuwa na tabia ya kufunga uzi mara mbili. Asubuhi, akishavaa koti lake jeupe, alichukua kijichupa kirefu chembamba kama kidole cha mtoto, akatia ndani yake dawa ya kuoshea kiasi cha nusu kijiko, akakiegemeza kwenye kipimajoto na kuvifunga pamoja kwa uzi mweusi wa kushonea. Akakaza, kisha akafunga tena juu yake. Ndani ya dawa alisimamisha mrija wa kioo mwembamba kuliko bua la nyasi, ulioziba juu na ulio wazi chini. Halafu akavishusha vyote polepole kwenye bika la mafuta, chombo kipana cha kioo, akawasha taa ya spiriti, akavuta kiti.

Kazi hiyo haitaki haraka. Mafuta yakianza kupata joto, viputo hutoka kwenye mdomo wa mrija kimoja kimoja, kama mtu anayetafuta namna ya kuanza maneno. Baadaye hutoka mfululizo, kama shanga zilizokatikiwa uzi. Mgeni wa kazi husoma kipimajoto hapo, na hukosea. Joto la kuchemkia halisomwi moto ukiwa bado chini. Unaondoa taa, unangoja. Viputo vinapungua, cha mwisho kinang'ang'ania mdomo wa mrija, kisha dawa inaingia ndani na kupanda. Pale inapoanza kupanda ndipo unaposoma. Ukipepesa, rudia.

Wenzake walimwita Mama Joto. Miwani yake ilifungwa mguu mmoja kwa plasta, na alikuwa ameifanya kazi hiyo tangu nywele zake zikiwa nyeusi tii.

Asubuhi ya kwanza aliyorudi kazini baada ya msiba, viputo vilipoanza kukimbia, binti yake alikuwa amekaa juu ya kabati karibu na mizani, miguu ikining'inia. Alivaa aproni ya mpira na kitambaa cha kichwa cha chumba cha kuoshea, vile vile kama alivyobebwa navyo kutoka huko.

"Mama, umekonda," alisema.

"Na wewe umekalia kabati la mizani," alisema Mama Joto. "Shuka, itapoteza usawa."

Binti akashuka. Kiti cha pili hakikuwapo, kwa hiyo akasimama kando ya mama yake na kuinama kutazama bika. Alinukia utamu ule wa dawa, unaofanana na matunda yaliyolala. Mama Joto alimnyooshea mkanda wa aproni uliokuwa umejipinda begani. Walizungumza habari za paka wa jirani, aliyezaa ndani ya sanduku la viatu vya Binti, na Binti akasema asifukuzwe. Halafu mafuta yakapata joto la kutosha, na Mama Joto, kwa mazoea tu ya mkono, akaiondoa taa. Viputo vikapungua.

"Na lile jambo nililokuambia mlangoni asubuhi ile," alisema Binti, "kwamba nikirudi—"

Dawa ikapanda kwenye mrija. Mama Joto alisoma themanini na tisa. Alipoinua macho, mahali pale palikuwa na koleo la kushikia bika, limetundikwa kwenye msumari wake.

Chumba cha kuoshea kilikuwa ng'ambo ya ua. Vipande vya makufuli vilitoka kwenye mashine vimejaa grisi, na wanawake wa chumba hicho walivichovya kwenye mabeseni ya dawa mpaka vikang'aa. Dawa yenyewe haitulii. Ukiliacha beseni wazi, inaaga kidogo kidogo na kwenda hewani mpaka beseni likauke. Ndiyo maana uongozi uliweka bomba la kunyonya hewa ya chumba, na mtambo wa baridi wa kukamua dawa kutoka kwenye hewa hiyo na kuidondosha pipani ianze kazi upya. Madirisha yakiwa wazi, mtambo ulinyonya hewa ya barabarani na kukamua maji matupu. Kwa hiyo madirisha yalipigiliwa misumari.

Basi dawa ile ile ilizunguka. Ilitoka pipani ikaenda kwenye beseni, ikatoka kwenye beseni ikaenda hewani, ikaingia vifuani mwa wanawake na kutoka, ikapita kwenye bomba na kurudi pipani. Kiwanda kilijivunia kwamba hakipotezi kitu.

Binti alianguka mbele ya beseni lake mchana wa joto kali. Daktari wa kiwanda alisema moyo wake ulikuwa dhaifu tangu kuzaliwa, ingawa aliyemzaa hakuwa na habari hiyo. Meneja alikuja msibani mwenyewe, akavua viatu, akakaa chini na watu bila kutazama saa hata mara moja. Mama Joto hakulisahau jambo hilo.

Tangu hapo Binti alikuja kila dawa ya pipa lile ilipochemshwa. Alifika na viputo na kuondoka navyo, na kila alipofika alianzia kwenye neno alilokatiwa, kama mtu aliyengoja lori lenye kelele lipite.

"—nikirudi tutaongea," alisema mara ya pili. "Nilitaka uniombee nafasi huku maabara. Nijifunze kupima. Kule kichwa kinaniuma."

"Ungesema mapema."

"Ungeniambia nivumilie mpaka mwaka mpya."

Mama Joto alifikiri kidogo. "Ningekuambia hivyo kweli," alisema.

"Basi nifundishe sasa. Si nipo?"

Mama Joto akamfundisha. Alimwonyesha jinsi ya kuziba mrija kwa kuuzungusha kwenye ncha ya mwali, jinsi ya kuweka karatasi nyeupe nyuma ya bika ili viputo vionekane, jinsi ya kupunguza utambi ili joto lisipande kwa pupa. Binti alikuwa mwepesi wa mikono. Alipoulizia uzi, kwa nini ufungwe mara mbili, mama yake alimjibu kwamba mara ya kwanza ni ya kazi na ya pili ni ya kutuliza roho. Kila jambo alilishika. Lilibaki moja tu.

"Halafu?" aliuliza.

"Halafu unaondoa moto."

"Halafu unaona nini?"

"Unaona dawa ikipanda mrijani. Unasoma."

"Inapandaje?"

"Kwanza inasitasita. Halafu inapanda moja kwa moja."

"Ningependa kuiona."

Hakuiona. Taa ikiondolewa, wa kwanza kwenda alikuwa yeye. Kwa hiyo kila alipofika, akishamaliza sentensi iliyobaki, neno lililofuata lilikuwa hilo hilo: "Ikawa ngapi?"

"Themanini na tisa," alijibu Mama Joto.

Seremala wa kiwanda alikuja siku moja kurekebisha droo iliyokwama, akamkuta Binti amesimama kando ya meza. Alimsalimu, akaulizwa habari za nyumbani, akasema ni njema, akaitengeneza droo na kuondoka. Siku iliyofuata alirudi na kiti kidogo cha mbao, kimepigwa msasa mpaka pembe zote zimelainika.

"Huyu anasimama sana," alimwambia Mama Joto. "Mimi nisingeweza."

"Asante, Fundi."

"Usishukuru," alisema Seremala. Hakumtazama usoni. Misumari ya madirisha yale alikuwa ameipigilia yeye.

Shida ilikuwa kwenye ile themanini na tisa. Dawa safi inachemka kwenye nyuzi themanini na saba, na ukutani juu ya meza palikuwa na kadi yenye muhuri iliyosema kwamba dawa inayochemkia juu ya themanini na nane haifai, imwagwe. Ikimwagwa, huja gari la tangi kuipeleka kuchomwa mbali, na pipa hujazwa mpya. Kilichozidisha nyuzi mbili kwa kawaida ni grisi. Mkemia, mkuu wa maabara, kijana mpole aliyepiga pasi hata soksi zake, aliikeneka dawa ya pipa lile kwa mikono yake, akaichemsha na kuukusanya mvuke wake, ili aitenganishe na grisi. Ilitoka angavu kama machozi, na bado ikachemkia themanini na tisa.

"Mama, hii si grisi," alisema. "Grisi ingebaki chini."

"Ni binti yangu."

"Nilifikiri hivyo." Alikitazama kiti kidogo. "Kwenye orodha yetu ya uchafu hayumo."

"Hajawahi kuwa mchafu."

"Hapana, Mama. Sikumaanisha hivyo."

Tangu siku hiyo Mkemia alikuwa na shughuli ya kwenda kukagua mabomba kila Mama Joto alipowasha taa. Aliporudi, alikuta kibandiko kimeshafungwa shingoni mwa chupa, kimeandikwa themanini na saba. Alikipitisha kama kilivyo. Aliona anamfanyia mzee wake wema, na kwa upande mmoja ulikuwa wema.

Binti hakuwa mjinga. "Uliandika ngapi?" aliuliza.

"Shika mrija vizuri, utauvunja."

Chupa ya sampuli ililetwa na Mama Pacha, mwanamke wa chumba cha kuoshea aliyerithi beseni la Binti. Mdomo wake haukuwa na breki, na alipoingia maabara ilikuwa kama redio imewashwa. Alikuwa na pacha wa kiume wanaofanana mpaka baba yao aliwafunga uzi wa rangi mkononi.

"Leo nimemwita mmoja jina la mwenzake, wakaitika wote wawili," alisema huku akiweka chupa mezani. "Hawa wananionea huruma tu. Wameona mama yao ameanza kuishiwa."

Kisha akakohoa, akashika ukingo wa meza mpaka kikohozi kikaisha.

"Unakunywa maji?" aliuliza Mama Joto.

"Nakunywa, Mama. Yananilevya kama pombe ya harusi. Juzi nimecheka mpaka nikakaa chini, na wala hakuna aliyesema la kuchekesha. Msimamizi akaniambia niende nje nikapunge upepo. Nikamwambia, nitoke mimi, dirisha libaki?" Alicheka tena. Halafu akamgeukia Binti, ambaye alikuwa kwenye kiti chake kwa sababu viputo vilikuwa vinakimbia. "Mwenzangu, lile beseni lako linavuja."

"Liliniambia litaacha," alisema Binti.

"Limedanganya. Haya, nakwenda."

Alipotoka, Binti alikuwa bado kwenye kiti chake. Alikuwa akivutavuta uzi mweusi kati ya vidole.

"Mama, jana nilipita kifuani kwake."

"Kwa nani?"

"Kwa Mama Pacha. Huwa napita kwa wote, ndiyo njia. Kwa wengine unaingia, unatoka. Kwake kumebana. Nilikaa humo mpaka kengele ya mchana nikitafuta pa kutokea." Akafunga fundo kwenye uzi, akafunga la pili. "Na kwangu kulikuwa hivyo hivyo, kabla."

Mama Joto alikikodolea macho kipimajoto. Mafuta yalikuwa yamepata joto kupita kipimo na dawa ilikuwa imebaki kidogo sana, lakini hakuiondoa taa. Aliiacha mpaka kijichupa kikakauka, na kipimo hicho kikaharibika, ikabidi afanye kingine. Binti alirudi akamkuta anafuta miwani.

Kwa siku kadhaa aliendelea kuandika themanini na saba. Jioni, nyumbani, alilala upande wa ukutani wa kitanda kama alivyozoea, akiacha nafasi upande wa pili. Sanduku la viatu lilikuwa chini ya kitanda, na watoto wa paka walilia usiku kwa sauti za kuomba. Aliwaza kwamba namba ni namba tu. Aliwaza pia jinsi Mama Pacha anavyoshika ukingo wa meza kwa mikono yote miwili, mkono wa kulia ukiwa na kovu la kifuniko cha pipa. Asubuhi moja aliondoka nyumbani akiwa ameshakata shauri, na njiani alinunua utambi mpya wa taa.

Siku hiyo alijaza dawa kwenye kijichupa mpaka karibu na ukingo, akapunguza mwali ukawa mdogo kama punje ya mahindi.

"Leo mbona umejaza?" aliuliza Binti.

"Tuongee."

Binti aliitazama kadi iliyokuwa ukutani, kisha akamtazama mama yake. "Unataka kuandika."

"Ndiyo."

"Pipa likienda kuchomwa, ninakwenda nalo."

"Najua, mwanangu."

Binti akaitikia kwa kichwa taratibu, kama anayepanga mizigo. "Basi uandike kwa mwandiko mzuri," alisema. "Ule wako wa haraka, meneja husema ni nyayo za kuku."

Waliongea mambo madogo. Bawaba ya mlango wa jikoni ilitiwa mafuta au bado. Koti la kijani apewe shangazi, lakini kwanza litolewe pini mfukoni asije akajichoma. Mama Joto alimvua kitambaa cha kichwa, akamsuka upande mmoja uliofumuka, na nywele zilikuwa na joto lile lile la zamani. Upande wa pili hakuufikia. Dawa ilikuwa imeshuka nusu, kisha robo, na ikikauka kipimo kinaharibika, na angelazimika kuanza upya, na alijua kwamba akianza upya hatathubutu tena.

Akaondoa taa.

"Na wale watoto wa paka," alisema Binti haraka, "usiwagawe ha—"

Viputo vikapungua. Cha mwisho kiling'ang'ania, kikaachia. Dawa ilisitasita, ikapanda. Mama Joto hakupepesa.

Aliandika themanini na tisa kwa herufi zilizosimama wima, akafunga kibandiko shingoni mwa chupa mara mbili. Mkemia aliporudi kutoka kwenye mabomba alikisoma, akakaa kwenye kiti kidogo, akakumbuka ni cha nani, akasimama.

"Una hakika, Mama?"

"Nina hakika. Na sababu ya kuzidi waambie pia. Waambie na madirisha."

Mkemia alivaa koti lake la heshima, akaipeleka chupa ofisini. Alikaa huko mpaka chai yake ikapoa mezani. Mama Joto aliifunika kwa kisahani, akaenda nyumbani. Usiku huo alikaa chini kando ya sanduku la viatu, kiganja chake kikiwa juu ya watoto wa paka, na alikuwa kama mtu aliyezika mara mbili mtu mmoja.

Asubuhi pipa lilikuwa mahali pake. Gari la tangi halikuwa limekuja. Ukutani, juu ya meza, palikuwa na kadi mpya ambayo muhuri wake haujakauka vizuri. Ilisema kwamba dawa inafaa isipozidi nyuzi tisini na moja.

Meneja alikuja mwenyewe kumshukuru. Aligonga mlango kabla ya kuingia, na wakubwa wengi hawagongi.

"Mama, umetusaidia sana," alisema. "Kumbe kiwango chetu kilikuwa cha kizamani. Tungemwaga dawa nzima kwa nyuzi mbili."

"Na binti yangu?"

"Tumezungumza habari zake. Tumekubaliana asisumbuliwe." Alikitazama kiti kidogo, akakiweka sawa na meza. "Aje tu. Sisi ni familia moja."

"Na madirisha?"

"Hayo ni ya idara nyingine, Mama. Lakini nimeyaandika hapa." Akagusa kifua chake, upande wa moyo, akatabasamu kwa huruma ya kweli, akaenda zake.

Mama Joto alifunga uzi mara mbili, akashusha kijichupa, akawasha taa. Viputo vilipoanza kukimbia Binti alikuwa kwenye kiti, nywele zimesukwa upande mmoja.

"—hadi wafumbue macho," alisema.

"Wamefumbua," alisema Mama Joto.

Alifurahi. Furaha ilimjia kwanza, ikamjaa mpaka miwani ikapata ukungu. Alipoitafuta aibu, aliikuta imekaa chini ya hiyo furaha, haina haraka. Akachukua kitana, akamsuka mwanawe upande wa pili.

Mchana alimfuata Seremala kwenye karakana yake.

"Fundi, ile misumari ya madirisha. Ing'oe."

Seremala aliweka randa chini. "Nilishaing'oa," alisema. "Wiki ile ya msiba. Niling'oa yote, nikaitia kwenye kopo. Asubuhi wakanipa misumari mingine, mirefu zaidi, na msimamizi akasimama nyuma yangu." Alifungua kabati, akamwonyesha kopo. Misumari ilikuwa imejipinda yote, na alikuwa ameipaka mafuta isishike kutu.

"Na wewe una watoto," alisema Mama Joto.

"Ninao."

Mama Pacha naye, Mama Joto alimwambia aache kazi, atafute nyingine. Mama Pacha alimsikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo si kawaida yake.

"Nikiacha, Mama, wale wawili watatafuna makufuli?" aliuliza. "Nimetafuta kwingine. Kila ninapokwenda wanasikia hiki kikohozi kabla hawajanisikia mimi." Alimfunga Mama Joto kifungo cha koti kilichokuwa wazi, akakipapasa. "Usijitie presha. Wewe umejitahidi, sisi kule tunajua. Juzi tumekuombea kwa pamoja, halafu tukacheka, halafu tukasahau tulikuwa tunaomba nini."

Mvua zilikuja, zikaisha. Kipimo kilipanda mpaka themanini na tisa na nusu, na kadi iliruhusu. Binti alijifunza kuziba mrija vizuri kuliko mama yake, na mirija aliyoziba ilibaki mezani hata yeye akishaondoka. Mkemia aliitumia bila kubagua.

Asubuhi moja Mama Pacha alileta chupa akaomba akae kidogo apate pumzi. Mama Joto alimpa kiti chake mwenyewe, akafanya kazi akiwa amesimama. Viputo vikaanza, vikakimbia, na Binti akawa kwenye kiti kidogo. Mbele yake, juu ya meza, palikuwa na mikono miwili, kutoka kwenye vidole mpaka vifundo, imelazwa kama mikono ya mtu anayengoja chakula. Hapakuwa na mtu nyuma ya mikono hiyo.

Mama Pacha aliinama akaitazama.

"Hii ni yangu," alisema. "Hili kovu la kifuniko."

Akaweka mikono yake kando ya ile mingine, akalinganisha. Ilikuwa sawa, ila ile ya mezani ilikuwa na nguvu zaidi.

"Ndiyo maana siku hizi vidole vyangu havisikii," alisema. "Nilidhani ni mvua."

"Imefika tangu jana," alisema Binti. "Ilikuwa inatafuta mlango." Akaufunika mkono mmoja kwa kiganja chake. "Nitaiangalia."

"Nakushukuru. Huo wa kushoto hupenda kupapasa usingizini, unatafuta pacha. Usiukemee."

"Siwezi kuukemea."

Kengele ya kazi ililia ng'ambo ya ua. Mama Pacha akasimama kwa awamu mbili, kwanza magoti, kisha mgongo.

"Kaa," alisema Mama Joto. "Kaa hapa leo. Nitasema nilikuhitaji."

"Nikichelewa watanifungia nje."

"Bora wakufungie."

Mama Pacha akacheka, akakohoa, akambusu shavuni, na akavuka ua akiwa amefunga aproni yake vizuri. Kupitia dirishani Mama Joto alimwona akivuta mlango wa chumba cha kuoshea nyuma yake mpaka ukashika, kwa kuwa mlango nao haukutakiwa kuachwa wazi.

Binti alikuwa bado ameshika mkono ule. "Mara ya mwisho ikawa ngapi?" aliuliza.

"Themanini na tisa na nusu."

"Na leo?"

"Ngoja nitazame."

"Nisimulie basi inavyopanda. Nisimulie wakati wenyewe, usingoje niru—"

Mama Joto alikuwa ameondoa taa. Aliongea hata hivyo, kwa sauti ya kawaida, akitazama mrija. Alisema kiputo cha mwisho kimeshika. Alisema kimeachia. Alisema sasa inasitasita, sasa inaingia, sasa inapanda, mwanangu, inapanda moja kwa moja.

Ilikuwa tisini kamili. Akaiandika kwa mwandiko mzuri, na kadi iliruhusu.

Halafu alikwenda kwenye karakana akamwambia Seremala anahitaji kiti kingine kidogo. Seremala alichagua ubao, akaupima kwa kiganja. Hakuuliza ni cha nani. Aliuliza tu kama huyo ni mrefu au mfupi, na Mama Joto akasema ni wa wastani, ila mgongo unamsumbua, kwa hiyo akiwekee na cha kuegemea.